Uzi: Watangazaji wa uwanjani kwenye besiboli. Kwa nini Bob Sheppard bado ndiye kipimo, na wa leo wanakosea wapi?

Kituo_cha_Tatu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sauti inayotoka kwenye spika za uwanja, siyo ya redio. Wengi huzichanganya kazi hizi mbili. Vin Scully alisimulia michezo ya timu ya Dodgers redioni na kwenye televisheni kuanzia 1950 hadi 2016, na wasikilizaji wake walikuwa watu wasiouona mchezo. Mtangazaji wa uwanjani anasema na mtu aliyekaa jukwaani, anayeona kila kitu. Huyo hana haja ya kuambiwa mpira umeenda wapi. Anataka kujua nani anapiga, nani kaingia, nani katoka, na namba ya jezi ni ipi, ili ajaze kadi yake ya mchezo, ile karatasi ambayo shabiki huandika kila tukio.

Kwa kipimo hicho sijaona wa kumzidi Bob Sheppard wa Yankee Stadium, uwanja wa timu ya Yankees ya New York. Alianza tarehe 17 Aprili 1951, siku ileile Mickey Mantle alipocheza mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu ya Marekani, akaendelea mpaka Septemba 2007. Ni zaidi ya michezo 4,500. Kazi yake nyingine ilikuwa kufundisha ufasaha wa kusema, shuleni na kisha Chuo Kikuu cha St. John's, na ualimu huo ulisikika. Kanuni yake ilikuwa maneno matatu: wazi, fupi, sahihi. Mchezaji wa Yankees, Reggie Jackson, ndiye aliyemwita Sauti ya Mungu, na jina likamganda.

Tazameni muundo wa tangazo lake mchezaji anapopiga kwa mara ya kwanza. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: "Sasa anapiga kwa upande wa Yankees, shotistopu, namba mbili, Derek Jeter, namba mbili." Shotistopu ni mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Kwa nini namba mara mbili? Kwa sababu namba ya kwanza humezwa na kelele za watu wanaomshangilia au kumzomea aliyetoka. Ya pili inafika watu wameshatulia. Mwenye kadi anatafuta namba kwanza, jina anakuja kulihakikisha tu. Mchezaji huyo akirudi kupiga mara ya pili na ya tatu, Sheppard alitaja nafasi na jina basi, kwa kuwa kadi imeshajazwa. Hakuna neno lililopita bila kazi.

Leo viwanja vingi vimejaa watu wanaovuta jina mpaka linapoteza umbo. Naomba maoni, hasa ya wanaoijua kazi yenyewe.

Jukwaa_la_Juu

Mkuu, Sheppard namheshimu, lakini unampima kila mtu kwa rula ya Bronx, kwao Yankees. Philadelphia wana Dan Baker tangu 1972, na huwapandishia sauti wachezaji wa nyumbani waziwazi. Mashabiki wa Phillies wanamtaka vilevile alivyo. Baltimore walikuwa na Rex Barney, mrushaji wa zamani wa Dodgers aliyewahi kumaliza mchezo mzima bila kuruhusu hata hiti moja, yaani pigo la kumfikisha mpigaji besini, mwaka 1948. Shabiki akidaka mpira uliotoka nje, Barney alisema kwenye spika: "Mpeni shabiki huyo mkataba!" Neno hilo halijazi kadi ya mtu yeyote, lakini uwanja mzima ulilisubiri. Alipofariki, tarehe 12 Agosti 1997, Orioles walicheza siku hiyo bila mtangazaji. Mashabiki walikaa na ukimya wakaelewa wamepoteza nini.

Halafu kadi. Ubao wa elektroniki unaonyesha jina, namba, picha na takwimu. Wanaoandika kadi kwa kalamu ni wachache. Kazi ya taarifa imechukuliwa na ubao. Iliyobaki kwa sauti ya binadamu ni hisia.

FundiSpika

Wote wawili mnajadili mtindo kabla ya kujadili fizikia. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Spika zikiwekwa sehemu moja upande wa uwanja wa nje, na wewe umekaa nyuma ya homu, pale anapopigia mpigaji, mita 120 kutoka hapo, neno linakufikia baada ya sekunde 0.35 hivi. Likigonga ukuta wa jukwaa la juu na kurudi, linakufikia tena. Ukisikiliza rekodi ya nyota wa Yankees, Lou Gehrig, akiaga tarehe 4 Julai 1939, utasikia kila kipande cha maneno kikirudi kama mtu wa pili anasema. Huo ndio uwanja Sheppard aliofanyia kazi kabla haujakarabatiwa. Ule utulivu wake, neno, kimya, neno, ulikuwa dawa ya mwangwi. Anasubiri neno la kwanza life ndipo aachie la pili. Anayeuiga bila kujua sababu atasikika kama anaigiza, na anayeupuuza atasikika kama watu watatu wanasema kwa pamoja.

Viwanja vipya vina spika ndogo nyingi zilizotawanywa, kila kundi likicheleweshwa kwa mashine ili sauti zifike pamoja. Hesabu yake ni milisekunde moja kwa kila sentimita 34 za umbali. Zikipangwa vizuri mtangazaji anaweza kwenda kasi kidogo. Zikipangwa vibaya hakuna sauti nzuri itakayookoa kitu.

Sasa kuhusu kuvuta majina. Kinachofanya neno lieleweke ni konsonanti, na nguvu ya konsonanti iko kati ya kama hezi 2,000 na 4,000. Irabu zina nguvu nyingi chini zaidi. Ukivuta jina la Utley, "Uuuutley", kwa sekunde tatu, irabu inajaza uwanja, mwangwi wake unaifunika konsonanti inayofuata, na aliye jukwaa la mbali anasikia mlio tu. Kwa hiyo hoja ya Kituo_cha_Tatu ina mguu wa kusimamia, hata kama mtu anapenda shangwe. Mafundi hukata besi chini ya hezi 120 au 150 kwenye mikrofoni ya mtangazaji kwa sababu hiyohiyo. Sauti nzito inapendeza ndani ya chumba, uwanjani inakuwa tope.

Mwanafunzi_wa_Besi

Samahani wakuu, swali la mgeni. Huyo mtangazaji anasikiaje sauti yake ikiwa inachelewa? Haimchanganyi?

FundiSpika

Inamchanganya sana, na ni kosa la kwanza la wanaoanza. Mtu akisikia sauti yake mwenyewe imechelewa kwa kiasi cha sekunde 0.2, ulimi huanza kuburuta, anarudia silabi au anapunguza mwendo bila kutaka. Tiba ni tatu. Vaa hedifoni zinazofunika sikio lote na usikie mikrofoni moja kwa moja, si uwanja. Au funga dirisha la kibanda, japo hapo unapoteza kelele za mashabiki, ambazo unazihitaji ili ujue lini unyamaze. Au zoea kutoisikiliza kabisa sauti inayorudi, jambo linalochukua muda.

Mikrofoni ikae sentimita 5 hadi 8 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, usiielekee moja kwa moja, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Weka sponji. Na iwe na swichi ya kuzima unayoweza kuifikia kwa kidole bila kuangalia. Mikrofoni iliyosahauliwa wazi ndiyo iliyowaaibisha watangazaji wengi kuliko jina lolote gumu.

MshikaKadi

Nirudi kwa Jukwaa_la_Juu. Hoja kwamba ubao umechukua kazi ya taarifa ni kweli kwa kitu kimoja tu, yaani mpigaji wa kawaida anapofika zamu yake. Mabadiliko ni habari nyingine. Iningi ya saba kati ya tisa, kocha anabadilisha mrushaji, mdakaji anatoka, mpigaji wa akiba anaingia, mlinzi wa kushoto anahamia katikati. Ubao unaonyesha matokeo ya mwisho. Sauti ndiyo inayokwambia nani kaenda wapi na nani kapiga zamu ya nani.

Kanuni za ligi kuu zinasema mwamuzi wa homu akishaarifiwa mabadiliko ayatangaze mara moja, au asababishe yatangazwe. Mtangazaji ndiye mdomo wa mwamuzi hapo. Kama tangazo halikutolewa mabadiliko bado ni halali. Mrushaji anahesabiwa kaingia akisimama kwenye ubao wa kurushia ulio kilimani, mpigaji akiingia kwenye boksi, mlinzi akifika nafasi ya mchezaji aliyetoka na mchezo ukaendelea, mkimbiaji akichukua nafasi ya mwenzake kwenye besi. Kwa hiyo kosa la spika haliharibu mchezo kisheria. Linaharibu kadi elfu kadhaa na linawaacha watu wakiulizana.

Kabla ya 2022, ukiacha msimu wa 2020, michezo ya Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili za ligi kuu, ambako mrushaji alikuwa anapiga, ilikuwa mtihani mkubwa. Kocha alikuwa anabadilisha wawili kwa mpigo na kuwapishanisha kwenye mpangilio wa kupiga. Mtangazaji alipaswa kusema: mrushaji mpya anapiga nafasi ya sita, mlinzi mpya wa kushoto anapiga nafasi ya tisa. Akigeuza namba hizo, kadi nzima inavurugika mpaka mwisho. Siku hizi kuna mpigaji mteule, anayepiga badala ya mrushaji, ligi zote mbili na mtego huo umepungua. Umebaki wa Shohei Ohtani. Kwa kanuni iliyoanza 2022, mrushaji aliyeanza mchezo akiwa pia mpigaji mteule anaweza kutolewa kilimani na kuendelea kupiga. Ukitangaza "anachukua nafasi ya Ohtani" ukanyamaza, nusu ya uwanja watadhani katoka kabisa. Taja mrushaji mpya, kisha sema kwamba Ohtani anabaki mpigaji mteule.

Jukwaa_la_Juu

Kwenye mabadiliko umenishinda, nakubali. Lakini hukugusa shangwe. Mpigaji wa nyumbani anapotoka benchi, wimbo wake unapiga, watu wamesimama. Pale sauti kavu inapoza uwanja.

MshikaKadi

Pale kuna saa, ndugu. Tangu 2023 kuna sekunde 30 kati ya mpigaji mmoja na mwingine, na mpigaji lazima awe boksini amejiweka tayari saa ikibakiza 8. Yaani ana 22. Nyimbo za kutokea zenyewe zilipewa kikomo cha sekunde 10. Sasa gawa: sekunde nne au tano za mwanzo zinaliwa na kelele za tukio lililopita, usiseme kitu. Tangazo likichukua 8, umefika 13. Wimbo 10, umefika 23, umeshapitiliza. Kwa hiyo ama wimbo uanze chini ya sauti yako, ama tangazo likatwe. Anayevuta jina kwa sekunde nne anaiba muda wa wimbo ambao shabiki huyohuyo anaupenda. Na mrushaji akishakaa kwenye ubao wake wa kurushia tayari kurusha, spika inyamaze, hata kama uko katikati ya jina. Hilo halina mjadala.

Nionavyo mimi, shangwe iwekwe kwenye kutaja kikosi kabla ya mchezo. Pale una dakika nzima, vuta utakavyo.

BintiKadi

Naongeza jambo ambalo sijaliona hapo juu. Watu husema sauti ya uwanjani lazima iwe nzito na ya kiume, kwa sababu masikio yao yalilelewa na Sheppard. San Francisco Giants walimweka Sherry Davis mwaka 1993, mwanamke wa kwanza kuishika kazi hiyo kwa kudumu katika ligi kuu. Baada yake akaja Renel Brooks-Moon mwaka 2000, akakaa hadi kabla ya msimu wa 2024, na akatangaza Fainali za 2002 uwanjani kwake. New York, Mets wana Marysol Castro tangu 2018. Kwa maelezo ya FundiSpika mwenyewe, sauti isiyo na besi nyingi inapita vizuri zaidi kwenye mwangwi. Nani alisema wepesi wa sauti ni upungufu?

Na Japani wamelijua hilo zamani. Watangazaji wao wa besiboli wengi ni wanawake, wanaitwa uguisu-jo, kwa jina la ndege mdogo anayesifiwa kwa sauti. Muundo wao ni mzuri kuuiga: nafasi ya kupiga, nafasi uwanjani, jina, kisha namba ya mgongoni. "Wa nne, besi ya kwanza, fulani, namba moja." Sauti haipandi kwa timu ya nyumbani wala haishuki kwa wageni. Kwenye mashindano ya sekondari ya Koshien kila mchezaji anatajwa na neno la heshima "kun" baada ya jina, mkali na asiyejulikana sawasawa. Tanzania ilipokea besiboli kwa msaada wa Wajapani, mpaka mashindano yetu ya shule yanaitwa Tanzania Koshien. Muundo wa tangazo nao tungeuchukua.

Kituo_cha_Tatu

Dada, nakubaliana nawe kwenye sauti. Hata muundo wa Kijapani una faida moja kuliko wa Sheppard, unaanza na zamu ya kupiga, na ndiyo safu ya kwanza kwenye kadi. Ila namba inakuja mara moja tu, mwishoni. Mimi bado ningeirudia.

Njia_ya_Jinja

Uganda hapa. Mmesema mengi, lakini jaribio kuu la mtangazaji ni majina. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Uganda ilifuzu fainali za Little League kule Williamsport, Pennsylvania, ikakwama kwenye viza. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilifika, ya kwanza kutoka Afrika, na ikaifunga timu ya Oregon 3-2. Mtoto wa miaka 12 anasikia jina lake kwenye spika za uwanja mkubwa pengine mara moja maishani. Likiharibika, limeharibika.

Kwa Kiganda, "ky" husomwa karibu na "ch", kama Kyambogo isomwavyo Chambogo. Herufi mbili mwanzoni, "ss" au "nn", zinakazwa. Na "ng" ya mwanzo wa neno inamtesa Mwingereza kwa kuwa lugha yake haianzi hivyo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, tarehe 26 Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates, alileta jina la namna hiyo. Haitoshi kusoma karatasi. Sheppard aliwafuata wachezaji wenyewe kabla ya mchezo kuwauliza majina yao yanatamkwaje, na alipenda majina marefu ya Kihispania na Kijapani. Shigetoshi Hasegawa lilikuwa mojawapo. Kwa Mswahili jina hilo ni rahisi, kila silabi inaishia na irabu, kama yetu.

Mwanafunzi_wa_Besi

Na akikosea jina hewani afanye nini? Arudie?

Njia_ya_Jinja

Arudie mara moja, kwa usahihi, bila kuomba radhi ndefu, kama mrushaji hajawa tayari. Kama muda umeisha, asubiri zamu ya pili ya mchezaji huyo na amtangaze kwa muundo kamili, si ule mfupi. Na baada ya iningi atume mtu benchi la timu hiyo kuhakikisha.

Ukiandika majina kwenye karatasi, kata silabi na uweke herufi kubwa kwenye silabi inayokazwa. Mswahili atakaza silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea, kwa hiyo usipoweka alama atakosea majina ya Kiingereza. Usiandike kwa tahajia ya Kiingereza. Jeter andika JI-ta.

MshikaKadi

Kuna kosa lingine baya kuliko la jina, kutangaza mpigaji asiye wa zamu. Timu ikikosea mpangilio, na wapinzani wakakata rufaa kabla mpira haujarushwa kwa anayefuata, mpigaji aliyestahili kupiga anahesabiwa katoka, yaani auti. Kanuni inamkataza mwamuzi kumstua mtu yeyote, na mweka kumbukumbu rasmi naye haruhusiwi kuonya. Ukisema kwenye spika jina la aliyetakiwa wakati mwingine kaingia boksini, umeziamsha timu zote mbili. Maoni yangu ni kwamba mtangaze aliyeingia, kwa namba ya jezi unayoiona, na unyamaze.

Pembe_ya_Zamani

Vijana, kabla ya spika kulikuwa na mdomo. Pat Pieper aliianza kazi hiyo kwa Chicago Cubs mwaka 1916, akitembea na pembe la kukuzia sauti lenye uzito wa kama kilo 6, akisimama upande huu kisha upande ule, mpaka mitambo ilipofungwa Wrigley Field mwaka 1932. Aliendelea hadi 1974. Alifungua kwa kuwataka watu waandae penseli na kadi ili awape kikosi sahihi. Tazameni alichokitaja kwanza: penseli.

Tena, matangazo yasiyo ya mchezo yaandikwe yote kabla. Inasimuliwa kuwa Tex Rickards wa Brooklyn Dodgers aliwaomba mashabiki waliotundika makoti kwenye uzio waondoe nguo zao, na uwanja ukaelewa kwamba wavue. Ungetaja kitu na mahali, "makoti yaliyo juu ya uzio wa kushoto yaondolewe", hakuna wa kuelewa vingine.

Mwanafunzi_wa_Besi

Kwa uwanja wa shule, spika mbili za honi na mikrofoni moja, mtu aanzie wapi?

FundiSpika

Spika ziwe mbele ya mikrofoni, zikielekea watazamaji, mgongo wake kwako, vinginevyo itapiga mluzi. Ziinue mita 3 au zaidi zipite juu ya vichwa. Kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inapungua desibeli 6, kwa hiyo aliye mita 10 ataungua masikio ili wa mita 80 asikie. Ni bora uzitenganishe kuliko kuziongeza nguvu. Afadhali sauti ndogo iliyo safi.

MshikaKadi

Karatasi mbili, moja kwa kila timu: zamu ya kupiga, namba, nafasi, jina kwa silabi. Acha mstari mtupu chini ya kila jina kwa anayeingia badala yake. Ipate kwa makocha dakika 30 kabla na uisome kwa sauti mbele ya kila kocha. Andika kwa penseli. Mabadiliko uyapokee kwa mwamuzi tu, siyo kwa kocha anayepunga mkono, maana kocha hubadili mawazo kabla hajafika homu.

Tangazo la kwanza: "Anapiga, shotistopu, namba mbili, jina, namba mbili." Hizo ni kama silabi 20. Kwa mwendo wa silabi tatu na nusu kwa sekunde, pamoja na vituo vinne vya nusu sekunde, unapata sekunde 8. Pima kwa saa ya simu. Ukizidi 9, toa neno "anapiga".

Kituo_cha_Tatu

Jukwaa_la_Juu, moja la mwisho kwako. Sheppard alipoacha kazi, Derek Jeter aliomba sauti yake iliyorekodiwa iendelee kumtangaza. Ikatumika hata baada ya mzee kufariki Julai 2010 akiwa na miaka 99, mpaka Jeter alipostaafu 2014. Mchezo wa mwisho wa Jeter nyumbani, tarehe 25 Septemba 2014, sauti ileile, namba mbili, jina, namba mbili, kisha akapiga mpira uliomaliza mchezo. Sauti haikupanda hata kidogo.

Jukwaa_la_Juu

Rekodi hiyo naijua, mkuu. Uwanja ulipanda wenyewe.